Lithiamu ni ndogo kuliko potasiamu, mbona inaachwa nyuma kwenye maji?

pcb_chumbageni: Wakuu habari za jioni. Nipo fom faivu hapa Tanga, leo ticha katwambia kwenye maji chembe ikiwa ndogo inasambaa haraka, akatupa na fomula ya Einstein ya 1905, ile ya kupata D, yani wepesi wa kusambaa, unagawanya kwa mnato wa maji na rediasi ya chembe. Poa, mana sukari ya mezani ni 0.52 na glukosi ambayo ni ndogo 0.67. Afu nikacheki ayoni, zile chembe zenye chaji, nakuta lithiamu 1.03, sodiamu 1.33, potasiamu 1.96 (zote nyuzi 25, zidisha kwa 10⁻⁹ upate mita mraba kwa sekunde). Lithiamu si ndo ndogo kuliko zote jamani??

mzee_wa_barazani: Uzito huo mwanangu. Kizito huchelewa, sheria ya Graham.

dada_wa_maabara: Shikamoo mzee, ila hapo hapana, Graham ya mzizi wa uzito ni ya gesi. Na hata tukienda kwa uzito lithiamu ni 7 potasiamu 39, ingeongoza yenyewe.
Dogo, ishu ni maji yanayoizunguka. Lithiamu chaji yake imebanana kwenye kieneo kidogo kwa hiyo inayavuta maji kwa nguvu na kutembea nayo, potasiamu chaji imetawanyika, maji yake ndo yale ya Tanga, waja leo waondoka leo.

pcb_chumbageni: Aaah! Sasa kwenye fomula naweka rediasi ipi?

dada_wa_maabara: Ya kitu kizima kinachosafiri, na maji yake. Piga hesabu kinyumenyume kutoka kwenye D, lithiamu inakuja pikomita 238 wakati ayoni yenyewe kwenye fuwele ni 76 tu. Ila fanya na potasiamu uone kituko, unapata 125 na kwenye fuwele ni 138, yani imevuliwa maji ikapunguzwa na mwili 😂 haiwezekani, hapo fomula ndo imegoma. Ile hesabu inayachukulia maji kama kitu kimoja laini kisicho na punje, kwa protini kama hemoglobini inakubali vizuri, lakini solyuti, yani kile kilichoyeyuka, ikishakuwa saizi moja na molekuli ya maji yenyewe haipiti kwenye kitu laini tena, inasubiri jirani asogee ipate upenyo. Ndo mana kwa vidogo wengine wanaweka 4π badala ya ile 6π ya kwenye fomula, kwamba maji yanateleza pembeni yake hayagandi, inasaidia kiasi lakini ni kiraka tu.

mzee_wa_barazani: Marahaba binti, nimekubali. Na ayoni ya haidrojeni je, ile D yake 9.31? Hiyo nayo ina maji mangapi?

dada_wa_maabara: Mzee hiyo haisafiri kabisa, inapokezanwa. Protoni, ndo hiyo ayoni ya haidrojeni, inaingia molekuli hii ya maji, molekuli hiyo inaachia protoni yake nyingine kwa jirani, mpaka mwisho wa mstari. Rediasi usiiguse hapo.