Babu yangu na mwembe wa mpakani: nijaze eneo gani la utafiti?

Mwl_wa_Uraia

Habarini wadau. Nafundisha Uraia na Historia sekondari, huku Kahama, na mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma umahiri wa falsafa. Fomu ya andiko inataka nitie tiki kisanduku kimoja tu: metafizikia, epistemolojia, mantiki, maadili, falsafa ya siasa au falsafa ya Kiafrika. Nina wiki moja.

Ninachotaka kuandika ni hiki. Babu alikuwa mzee wa baraza kijijini, kesi za mipaka na mahari zilikuwa zake. Siku moja majirani wawili waligombea mwembe uliosimama mpakani. Mmoja aliupanda akahamia mjini, mwenzake akaumwagilia miaka yote. Wazee wakasema hakuna kesi hapa, mila inajulikana: mti ni wa aliyepanda. Babu akauliza, "Aliyeondoka mche ukiwa unakauka, alipanda mti au alifukia kokwa?" Baraza zima kimya, mpaka chai ikapoa. Nilikuwa darasa la tano.

Nimemsimulia mhadhiri mmoja, akaniambia hiyo ni anthropolojia, nirudi na kitu cha falsafa. Nikatoka ofisini nimenywea. Ni kweli? Na kama ni falsafa, tiki naiweka wapi?

Kijana_wa_Posta

Weka kwenye chenye ajira 😂

Mwl_wa_Uraia

Basi fomu nairudisha tupu.

Bi_Hoja

Mwalimu, pole. Mimi nafundisha mantiki, na jibu alilokupa huyo nimelisikia likipewa wengi. Nitasema kwa kirefu kidogo, univumilie.

Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeishi Katanga, alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Ukikisoma utadhani Wabantu wote wana wazo moja na hakuna hata mmoja aliyewahi kumbishia mwenzake. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin akaja juu: falsafa si imani ya kabila, ni hoja za mtu mwenye jina lake, anayejibizana na wengine kwa maandishi. Kati ya hao wawili akaingia Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza asijue kusoma na bado akafikiri kwa kichwa chake.

Lakini Oruka hakumpokea kila mzee, na hapa ndipo penye kesi yako. Yuko mzee anayeijua mila na kuieleza vizuri sana. Huyo unamheshimu, ila anakueleza alichokikuta. Na yuko anayeijua mila halafu anaihoji. Paul Mbuya Akoko, mmoja wa wazee waliohojiwa na Oruka, alipoulizwa habari za Mungu hakusema "tuliambiwa hivyo". Alijenga hoja: miungu wangekuwa wengi, maumbile yangevurugika, lakini mbona mbwa anazaa mbwa, hazai kuku? Mimi sikubaliani naye, maana miungu wengi wanaweza kupatana tu kama wanakamati. Lakini ukishambishia hivyo, tayari mko kwenye falsafa, wewe na yeye.

Sasa mpime babu. Wenzake walitaja mila, yeye akauliza kupanda ni nini. Ungekuwa unataka kueleza jinsi kijiji chenu kinavyogawa miti, mhadhiri wako angekuwa na hoja.

Kuna jiwe moja njiani. Mwaka 1981 Peter Bodunrin wa Nigeria aliwabana watu wa njia hii: mtafiti akija na maswali yake, falsafa inayotoka hapo ni ya mzee au ya mtafiti? Kwako hilo halina nguvu, kwa sababu swali lilitoka kinywani mwa babu na hakuna aliyemchokoza. Udhaifu wako ni ushahidi. Shahidi ni wewe peke yako, tena mtoto wa darasa la tano. Tafuta mwingine aliyekuwepo.

Kuhusu tiki: usiweke falsafa ya Kiafrika. Najua watu watanirukia. Weka falsafa ya siasa. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1689 aliandika kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu kisicho cha mtu, kinakuwa mali yake. Babu yako anamuuliza swali la maana: kazi ipi, ya asubuhi moja au ya miaka yote? Hilo ni swali kuhusu umiliki. Locke hatumweki kwenye kisanduku cha "falsafa ya Kiingereza", tunamweka kwenye siasa, na babu akae naye meza moja.

Mpwani_Halisi

Bi Hoja, niwie radhi, mimi ndiye wa kwanza kukurukia. Ukimpeleka mzee kwa Locke atafika akiwa amevalishwa suti. Kila neno lake litapimwa kwa Kiingereza. John Mbiti, msomi wa Kenya, kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akafundisha kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali. Lakini vitenzi alivyovileta kama ushahidi akavitoa Kikamba na Kikikuyu. Angepita barazani kwetu angepewa mtondogoo, na akhera juu yake.

Bi_Hoja

Mtondogoo ni siku nne, haimwangushi Mbiti. Akhera angesema imekuja na Uislamu.

Mpwani_Halisi

Miaka elfu na bado ni mgeni? Haya, tuliache. Kwasi Wiredu wa Ghana alishauri hoja ya falsafa ijaribiwe kwa lugha ya mama. Ikifia hapo, huenda tangu mwanzo ilikuwa ya lugha tu. Mwalimu, kabla ya tiki yoyote: babu aliuliza kwa lugha gani?

Mwl_wa_Uraia

Duh. Kisukuma. Hilo la "kufukia kokwa" ni Kiswahili changu mimi, nimelisimulia hivyo miaka yote mpaka nikasahau. Neno lake hasa silikumbuki, na hoja nzima imekaa pale.

Bi Hoja, nakwenda na falsafa ya siasa, sura ya kwanza ikiwa ni lugha ili Mpwani asinidai. Shahidi yupo: shangazi ndiye aliyepika ile chai. Nampigia jioni akitoka shamba.