Kiswidi: niendelee na SFI au niende chuo kikuu moja kwa moja?

Kutoka Göteborg

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimemfuata mume wangu huku Göteborg tangu mwezi wa nane. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari, nina shahada ya ualimu, na hamu yangu ni kurudi darasani. Manispaa imeniandikisha SFI, yaani masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji. Jirani ananiambia huko nitapoteza miaka, bora nikasome Kiswidi chuo kikuu. Mume wangu anasema nisirukie mambo. Personnummer, yaani namba ya utambulisho ya hapa, ninayo tayari. Anayeijua njia hii naomba anielekeze, na kama kuna ada nijue mapema.

Kutoka Uppsala

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

SFI usiiache. Ni bure, na ndiyo itakayokufikisha mahali ambapo chuo kikuu kitakupokea. Lakini usikae humo kusubiri ngazi zote ziishe. Baada ya SFI D, ngazi ya mwisho, kuna kozi ya msingi ya Komvux (elimu ya watu wazima ya manispaa), halafu Svenska som andraspråk (Kiswidi kama lugha ya pili) 1, 2 na 3. Kwa mtu mwenye shahada mkononi hiyo ni safari ndefu, na inaniuma kuona walimu na wauguzi wetu wakizeekea njiani humo kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna mlango mwingine.

Mlango wenyewe unaitwa behörighetsgivande kurs i svenska. Upo hapo hapo Göteborg, upo Stockholm na huku Uppsala pia. Ukifaulu, unahesabiwa umetimiza sharti la Kiswidi la kusoma chuo kikuu, sawa na aliyemaliza Svenska som andraspråk 3. Kuna na mtihani wa Tisus, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stockholm: kusoma, kuandika na kuzungumza. Huo unaweza kuufanya hata kama hukusoma kozi yoyote. Masharti ya kozi yanatofautiana, na kuna vyuo vinavyotaka uwe na Kiswidi cha kuanzia, kwa hiyo soma ukurasa wa chuo husika kwa makini.

Kuhusu ada: tangu 2011 wanaolipa ni wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya na majirani wake kama Norwe na Uswisi, wanaokuja kwa kibali cha masomo. Wewe kibali chako ni cha familia, na kwa kawaida wa aina yako halipi. Ambatisha nakala ya kibali kwenye maombi yako ya antagning.se, tovuti ya kuombea vyuo, wasije wakakuweka kundi lisilo lako. Maombi ya muhula wa vuli hufungwa 15 Aprili. Vyeti vyako vipeleke UHR, mamlaka ya serikali ya elimu ya juu, wavitathmini, nako hulipi chochote. Kisha uliza ULV, mpango wa walimu waliosomea nje ya Uswidi. Chuo Kikuu cha Göteborg wanao, na sharti lake kubwa ni hicho hicho Kiswidi.

Sasa lugha yenyewe. En na ett, yaani jinsia mbili za nomino, zisikutishe, sisi tumekua na ngeli. Na karibu robo tatu ya nomino ni en. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi. Kazi iko kwenye mpangilio wa maneno. Katika sentensi kuu kitenzi kinakaa nafasi ya pili hata ukianza na "leo": *idag läser jag*, kamwe si *idag jag läser*. Kwenye kishazi tegemezi *inte*, neno la kukanusha, inatangulia kitenzi; kanuni hiyo inaitwa BIFF, na walimu watakuimbia mpaka uiote. Halafu irabu ndefu na fupi: *glas* ni ya kunywea maji, *glass* ni aiskrimu. Hilo linataka sikio, wala si daftari. Sikiliza habari za Kiswidi chepesi za Sveriges Radio kila siku, soma 8 Sidor, gazeti la Kiswidi chepesi, nenda språkkafé ya maktaba, mahali pa kukaa na kuzoea kuzungumza. Waswidi wakisikia lafudhi yako watahamia Kiingereza kwa ukarimu tu. Wewe baki kwenye Kiswidi.

Kutoka Malmö

Dada, niongeze moja. Wakati unasoma, ulizia manispaa kazi ya mwalimu wa modersmål, yaani lugha ya mama. Shule zinatakiwa kufundisha lugha ya nyumbani pale angalau watoto watano wanapoihitaji na mwalimu anayefaa akapatikana. Kazi hii haidai leseni ya ualimu ya Uswidi, ingawa Kiswidi cha kuandika ripoti na kuzungumza na walimu wenzako utakihitaji. Watoto wa Kikongo, Kirundi, Kikenya na wetu wapo, wazazi wao wanaomba, na mara nyingi anayekosekana ni mwalimu. Mtu mwenye uzoefu kama wako ni wa kutafutwa. Wazazi mlioko Göteborg mnaosoma hapa, fomu ya kuomba Kiswahili ijazeni shuleni muhula huu huu, ili dada akipeleka barua yake akute majina ya watoto yako tayari.