Karatasi ya kutoka jeshini inasema nilitoroka, na mimi nilikuwa nimelazwa hospitali. Naanzia wapi?

mtoto_wa_Koboko

Habari zenu wakubwa, naomba msaada kwa yeyote anayejua hizi mambo maana nimezunguka mpaka nimechoka.

Niliingia jeshi la Uganda 2009, nikaenda Somalia 2014 nikarudi mzima, sijawahi kulala kota gadi, mahabusu ya jeshi, hata siku moja. Shida ni mgongo. Mwaka 2022 tulikuwa detachi, kambi ndogo, huku kaskazini, mgongo ukakataa kabisa, asubuhi siwezi kufunga kamba za buti. Kamanda wangu wa platuni akaniambia kwa mdomo nenda hospitali, karatasi ya ruhusa itakufuata. Nikaenda, nikalazwa tarehe 9 Mei nikatoka 17 Juni. Karatasi haikunifuata. Kurudi nikakuta huyo kamanda amehamishwa, mpya hanijui, naambiwa jina lako halimo tena, kaa nyumbani utaitwa. Oktoba nikaitwa nikapewa karatasi ya dischaji, nikasaini, kiingereza changu ni kidogo na mimi nilidhani wameniachisha kwa sababu ya ugonjwa.

Sasa mwezi wa pili huu nilikwenda kuomba kazi kampuni ya ulinzi, yule wa ofisi akaisoma, akanirudishia bila kusema kitu, akaita mtu mwingine. Nilipofika nyumbani nikampa kijana wangu yuko senior two anisomee. Akasoma namba yangu, jina, tarehe, alipofika kwenye sababu akanyamaza. Nikamwambia soma. Akasoma, imeandikwa nilitoroka jeshi tangu 14 Mei 2022.

14 Mei nilikuwa na dripu mkononi. Kazi ni kitu kimoja lakini huyu mtoto sasa ananiangalia na anafikiri nini? Nataka hilo neno litoke. Kuna njia?

piki_ya_Arua

Pole sana kaka. Lakini tuambizane ukweli, wengi wakipata shida kama hiyo wanashuka Nasser Road Kampala, jioni una karatasi nyingine safi. Hizo njia za ofisini ni miaka na unaweza kufa hujajibiwa.

mstaafu_Bombo

Wewe wa piki usimpeleke huyu kijana kwenye shimo. Kampuni ikitaka kuhakikisha inauliza makao makuu kwa namba yake ya RA, ile ya jeshi, rekodi inasema mtoro, karatasi inasema kitu kingine, hapo anashtakiwa kwa kughushi na hiyo itakuwa kosa la kweli, si la kusingiziwa. Leo ana haki mkononi, akienda Nasser Road ameitupa.

Mjeshi mwenzangu, pole. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kwanza lililotua Mogadishu Machi 2007 na baadaye nilikaa miaka mingi ofisi ya adimini, kwa hiyo nakuambia kitu nilichokiona kwa macho. Jina la mtu linaingia kwenye orodha ya watoro kwa njia rahisi sana, asubuhi paredi inahesabiwa, huyu hayuko, karani anauliza nani anajua aliko, aliyejua amehamishwa au yuko likizo, basi inaandikwa hayuko bila ruhusa, siku zinapita, inatumwa redio meseji juu, na ikishafika juu hakuna mtu anarudi nyuma kuuliza kama alikuwa wodini. Mara nyingi hakuna mtu aliyekuchukia. Na hiyo ni muhimu kwako, maana ukiandika barua ya kulaumu watu, hao watu wanaanza kujitetea. Andika kama kosa la rekodi.

Halafu jambo la pili, na hili nimeona watu wengi wakiharibu. Usichanganye mambo. Wewe una vitu vitatu, hilo neno kwenye karatasi, mshahara uliokatwa, na mgongo ambao pengine unatakiwa kwenda mbele ya bodi ya matibabu wapime umeumia kiasi gani. Watu wanaandika vyote pamoja kurasa sita, na chuki za CO, mkuu wa kikosi, ndani yake, ofisini ikifika afisa anaona neno la pesa anaipeleka kwa watu wa pesa, wale wanasema mtoro hana haki, faili inafungwa. Barua ya kwanza iwe ya neno moja tu, sababu iliyoandikwa si kweli, naomba irekebishwe, ushahidi ni huu. Neno likitoka, hayo mengine yanafunguka yenyewe.

Una kitu gani cha kuonyesha ulilazwa?

mtoto_wa_Koboko

Asante afande. Niko na kile kitabu cha shule ambacho tulinunua pale nje ya geti daktari akawa anaandika humo. Kina mihuri ya zambarau, ingine imefutika kwa maji. Fomu ya kuruhusiwa sina, ilipotea tulipohama. Kitu kingine, mshahara uliendelea kuingia benki mpaka mwisho wa Julai, ndiyo ukakatika.

mstaafu_Bombo

Mshahara wa Julai! Nenda benki leo uchukue steitimenti ya mwaka mzima wa 2022 yenye muhuri. Kama ulikuwa mtoro tangu 14 Mei, kwa nini unalipwa Juni na Julai? Haithibitishi ulikuwa hospitali lakini inaonyesha rekodi zenyewe hazikubaliani, na afisa anayesoma lazima asimame hapo.

sister_wa_wodi

Mimi ni nesi, si wa hospitali yako. Hicho kitabu usikilamineti na usiandike kitu juu yake hata kama muhuri hauonekani vizuri, kipige picha kila ukurasa na kiweke kwenye mfuko wa plastiki. Angalia ukurasa wa siku ya kwanza, pembeni juu mara nyingi tunaandika namba ya mgonjwa wa kulazwa. Hiyo namba ndiyo ufunguo. Kila wodi ina rejista ile kubwa, jina, umri, kijiji, tarehe ya kuingia, ugonjwa, tarehe ya kutoka. Ikijaa inakwenda chumba cha rekodi, haitupwi hovyo. Andika barua kwa mkuu wa hospitali, ambatisha kopi ya kitambulisho chako, omba barua ya kuthibitisha ulilazwa kutoka tarehe fulani mpaka fulani. Usiende kumuomba mtu wa rekodi akupe chini ya meza, barua isiyo na saini ya mkuu haitakusaidia huko mbele.

Na nenda siku ya katikati ya wiki, Jumatatu hakuna mtu atakusikiliza kwa foleni.

karani_wa_sheria

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, si wakili mwenyewe, kwa hiyo haya yathibitishe kwa mtu mwenye leseni. Kwanza jibu hili: kuna mtu yeyote alikusomea mashtaka? Kamati ya nidhamu ya kikosi, korti masho yaani mahakama ya jeshi, chochote? Kama ulihukumiwa, njia yako ni rufaa ndani ya mfumo wa mahakama za jeshi, na huko mambo yamebadilika tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Januari 2025 na Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi mwaka huo huo. Kama hukuitwa popote, ukaondolewa kwa karatasi tu, basi wewe unasimama kwenye Katiba ya 1995. Ibara ya 42 inasema ukiwa mbele ya afisa wa serikali anayeamua jambo lako una haki ya kutendewa kwa haki, na ukidhulumiwa unaweza kwenda mahakamani. Ibara ya 28 ni haki ya kusikilizwa, na ibara ya 44 inaiweka kati ya haki ambazo haziondolewi kwa sababu yoyote. Tumia namba za Katiba ukiandika, maana sheria zetu zilipangwa upya na toleo jipya likaanza kutumika Julai 2024, vifungu vingi vimebadilika namba na watu bado wananakili za zamani.

Muda ndiyo inaniogopesha. Kumuomba jaji wa High Court apitie uamuzi wa ofisi ya serikali, kanuni za 2009 zinatoa miezi mitatu tangu sababu ilipotokea. Karatasi yako ni ya 2022 na ina saini yako. Jaji anaweza kuongeza muda akiona sababu nzuri, na kwamba hukujua kusoma ulichosaini ni jambo la kumwambia, lakini usiweke matumaini yote hapo. Kwa hiyo andika sasa makao makuu Mbuya kuomba rekodi irekebishwe. Wakikukataa kwa maandishi, wakili anaweza kujenga hoja kwamba huo ni uamuzi mpya, ingawa upande wa serikali watasema ni ule ule wa zamani.

Njia ambayo watu wanaisahau ni Tume ya Haki za Binadamu. Kufungua malalamiko ni bure, wako na ofisi Arua huna haja ya kupanda basi mpaka Kampala, na sheria yao inatoa miaka 5 tangu haki ilipovunjwa. Ukihesabu kutoka Oktoba 2022 mlango unafungwa Oktoba 2027. Usisubiri mpaka huko.

Na omba faili lako. Sheria ya kupata habari ya 2005 inawapa siku 21 kujibu. Wanaweza kusema ni mambo ya usalama, lakini wewe huombi mipango ya vita, unaomba karatasi zinazokuhusu wewe, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai habari zako zisizo sahihi zirekebishwe. Kama hela ya wakili hakuna, pale Law Development Centre Kampala kuna kliniki ya msaada wa sheria, na chama cha mawakili nacho kina mradi wake.

dada_ughaibuni

Niko Marekani na binamu yangu alitumika jeshi la hapa akapata shida inayofanana, sababu iliyoandikwa kwenye DD-214 yake, karatasi ya kutoka jeshini, haikuwa kweli. Huku kuna bodi kabisa ya kazi hiyo, unajaza fomu DD-149, una miaka mitatu tangu ulipogundua kosa na bodi inaweza kusamehe ukichelewa. Kuna nyingine ya kupitia dischaji yenyewe, hiyo ni miaka 15. Najua huko hamna kitu kama hicho ila nataka nikuambie tulichojifunza. Bodi inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, mzigo wa kuonyesha kosa ni wako, hata ukilia machozi ya damu. Mara ya kwanza binamu aliandika hadithi ya uchungu wake, akakataliwa. Mara ya pili tukakaa mezani jikoni tukatengeneza ukurasa mmoja, kushoto tarehe, kulia karatasi inayothibitisha hiyo tarehe, na kila mstari usio na karatasi tukaufuta. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini sababu ilibadilishwa.

Tafuta pia yule kamanda wa platuni. Hata akiwa amestaafu, afidaviti yake, kiapo cha maandishi, kwamba ndiye aliyekutuma hospitali ina uzito kuliko barua kumi za ndugu.

mtoto_wa_Koboko

Nimerudi wakubwa, samahani nimekaa kimya wiki tatu.

Korti sikuitwa, kamati sikuitwa, hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Kamanda nimempata kwa simu kupitia mwenzetu mmoja, yuko kwao analima, alinyamaza kidogo akasema nakukumbuka, wewe ulibebwa na gari la maji. Kweli nilibebwa na gari la maji, mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Amekubali kuapa mbele ya kamishna wa viapo.

Hospitali nilikwenda Jumatano kama sister alivyosema. Namba ilikuwa kwenye kitabu, pale pale pembeni. Yule mama wa rekodi alitoa rejista tatu zenye vumbi, akafunua kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka jina langu, limekosewa herufi moja lakini kijiji ni changu na umri ni wangu, kuingia 9/5, kutoka 17/6. Barua ya mkuu nimeambiwa nirudi Ijumaa.

Kijana nilikwenda naye. Yeye ndiye aliyeuona huo mstari kabla yangu.

mstaafu_Bombo

Hiyo herufi moja iliyokosewa waambie waitaje kwenye barua kwamba ni mtu yule yule, usiiache, mtu wa makao makuu ataikamata hapo hapo. Na barua ya Mbuya peleka kopi mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo urudi nayo nyumbani. Ukifika Bombo nipigie, tutaisoma pamoja kabla hujaipeleka.