Naomba ushauri: historia ya uchaguzi wa Nandigram, India

Wakuu, habari za leo. Naandaa jedwali la washindi wa Nandigram, kiti cha bunge la jimbo la West Bengal. Mwaka 2006 kilikuwa cha CPI (Chama cha Kikomunisti cha India). Machi 2007 polisi wakaua watu 14 kwenye mgogoro wa ardhi, na 2009 chama cha Trinamool kikakitwaa katika uchaguzi mdogo.

Kinachonitatiza ni mwanasiasa Suvendu Adhikari, aliyehama chama. 2016 alishinda kwa Trinamool. 2021, akiwa chama cha BJP, akambwaga bosi wake wa zamani, kiongozi wa Trinamool Mamata Banerjee, kwa kura 1,956 tu! Sasa niandike "chama kimepoteza kiti" au "mbunge ametetea kiti"? Mie naegemea chama, ila wenye uzoefu naomba mnielekeze.