Tupeane uzoefu: Hyrax Hill, Kariandusi, Thimlich Ohinga – ulipe kiingilio mwenyewe, gari la pamoja au kampuni ya safari?

Mwanzisha mada, Kisumu

Wadau, hamjambo. Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile: mtu akitaka kuona maeneo ya kale ya upande wetu huu, alipe kiingilio mwenyewe na ajipeleke, achangie gari na wenzake, au alipie safari nzima kwa kampuni? Tuweke hapa tunachokijua: njia, hatua, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na kosa kubwa kuliko yote, kulinganisha bei ambazo hazibebi mzigo mmoja. Kampuni moja ikisema "safari ya siku nzima", ndani yake mna gari, mafuta, dereva, kiingilio, mwelekezi na chakula cha mchana. Nyingine ikitamka maneno hayo hayo inamaanisha gari na dereva tu, mengine utayakuta getini. Kabla ya kutuma hata shilingi, omba uandikiwe: kiingilio kimo au hakimo, na ni cha raia au cha mgeni; mafuta ni ya nani; gari ni letu peke yetu au tunachanganywa na wengine; tutakaa saa ngapi kwenye eneo lenyewe; na mvua ikikata barabara, pesa inarudi au inasogezwa tarehe. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na kwa Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe ya kale, ndilo lenye uzito.

Mwalimu wa Historia, Lanet

Asante, ndugu. Mimi nishike Hyrax Hill, maana wengi hulipa kampuni kwa jambo ambalo matatu inalifanya.

Kilima kiko takriban kilomita 4 kutoka katikati ya Nakuru, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Panda matatu yoyote ya upande huo, mwambie makanga mapema akushushe Hyrax Hill, kisha tembea. Gari la kukodi kwa ajili ya hapo pekee ni hasara, labda kama una wazee au watoto wadogo.

Makumbusho hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, wikendi na sikukuu zikiwemo. Nenda asubuhi. Kilima hakina kivuli cha kutosha, na sehemu za kuona zimetawanyika: kuna jumba dogo la maonyesho, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya shamba, kuna makaburi ya wafugaji wa kale, kuna mashimo ya Wasirikwa, jamii ya wafugaji wa zamani, yale mabonde ya duara ardhini yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, kuna mabaki ya boma la mawe juu kileleni, na kuna vishimo vya mchezo wa bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Tenga saa mbili na nusu. Anayetoka baada ya dakika arobaini ameona jumba tu.

Hapa pesa yako iende kwa mwelekezi. Bila yeye, shimo la Sirikwa ni bonde la nyasi. Yeye atakuonyesha lango lake lilielekea upande gani na samadi ilitupwa wapi, na kwa nini kile kichuguu kilicho kando si cha asili. Mahali penyewe palitambuliwa na mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey mwaka 1926, Mary Leakey akachimba mwaka 1937 na 1938, likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943. Mwelekezi mzuri huanza na ziwa: zamani maji ya Nakuru yalifika chini ya kilima hiki. Simama kileleni, tazama ziwa lilipo sasa, ndipo utaelewa kwa nini watu walichagua kukaa pale.

Mwelekezi hupatikana papo hapo, lakini mkiwa zaidi ya kumi pigeni simu siku mbili kabla. Ujira wake uliza mwanzoni, usisubiri mwisho wa matembezi.

Mama Ziara, Nakuru mjini

Niongeze jambo linalowagharimu wageni kila wiki. Tiketi ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru haikuingizi Hyrax Hill, na ya Hyrax Hill haikuingizi hifadhini. Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, makumbusho yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Ni taasisi mbili, malipo mawili. Zote hulipiwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, kwa hiyo mtu huona nembo moja kwenye simu akadhani amemaliza.

Hatua zenyewe: ingia eCitizen kwa akaunti yako, chagua taasisi, kisha eneo halisi unalokwenda, tarehe, aina ya mgeni na idadi ya watu. Itatoka ankara yenye namba. Lipa kwa M-Pesa, Paybill 222222, na kwenye akaunti uandike namba ya ile ankara, si jina lako wala namba ya kitambulisho. Pesa ikitumwa kwa akaunti isiyo sahihi, getini huna risiti, na kuifuatilia kunakula siku. Piga picha ya risiti kwenye simu, kwa sababu mtandao ukilala pale mlangoni hutaweza kuifungua.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza, kuchagua Kariandusi badala ya Hyrax Hill kwa kuwa zote ziko Kaunti ya Nakuru. La pili, kuchagua kundi la raia halafu kufika bila kitambulisho. Aje nacho kila mtu mzima. Mgeni anayeishi nchini abebe kadi yake ya ukaazi, vinginevyo atahesabiwa mtalii wa nje, na tofauti ya bei ni kubwa.

Kwa Kariandusi yenyewe: iko upande wa mashariki wa Ziwa Elementaita, karibu na barabara kuu, takriban kilomita 120 kutoka Nairobi. Kutoka Nakuru panda gari la Gilgil, shuka kwenye kibao. Tahadhari wakati wa kuvuka, malori hapo hayapunguzi mwendo. Utaona mashoka ya mkono ya takriban miaka milioni moja yakiwa yamelala pale pale yalipochimbuliwa. Angalia tofauti ya mawe: sehemu ya juu yamejaa meusi yanayong'aa kama kioo, obsidiani, na sehemu ya chini ni ya mwamba wa volkano usiong'aa. Muulize mwelekezi akueleze, kwani wengi hupita hilo. Kwa jirani kuna machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi. Usiingie humo bila kuruhusiwa.

Hyrax Hill asubuhi na Kariandusi baada ya chakula hutosha siku moja, hata kwa matatu. Hapo ndipo kifurushi cha kampuni kinakosa maana kwa watu wawili.

Dereva wa Rodi Kopany

Oyawore wadau. Mama Ziara amesema kweli kwa upande wa Nakuru. Thimlich ni habari nyingine kabisa, na asiwadanganye mtu kwamba kiingilio ndicho gharama. Kiingilio ni kidogo. Barabara ndiyo inakula pesa.

Kutoka Kisumu ni takriban kilomita 180. Njia ninayoipendekeza ni Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu Rodi Kopany, Ndhiwa, hadi Miranga ambapo unaacha njia kuu. Kutoka Homa Bay peke yake ni kama kilomita 60. Anayetoka upande wa Migori ana takriban kilomita 46, eneo liko kaskazini-magharibi mwa mji.

Ondokeni Kisumu saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu saa nne njiani pamoja na chai, saa mbili na nusu pale, na muwe mmeshafika Homa Bay kabla giza halijaingia. Kampuni inayowaambia mtaondoka saa tatu asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo imewapangia kukaa kwenye kiti cha gari.

Mvua: kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Upande wetu kuna udongo mweusi ambao ukilowa hunata kwenye gurudumu mpaka tairi linakuwa duara la tope tupu, halishiki tena. Gari dogo la chini huteleza likaingia mtaroni hata kama dereva ni hodari. Miezi hiyo kodi gari lenye kuendeshwa magurudumu yote manne, au uahirishe. Mwenye gari akikwambia "itapita tu", muulize nani atalipa trekta la kuvuta.

Kwa matatu inawezekana: Kisumu hadi Homa Bay, Homa Bay hadi Ndhiwa, kisha boda. Elewana na boda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja, umpe nusu na nusu ukirudishwa. Ukilipa kwenda tu ataondoka, na kule boda hazipiti kila dakika. Jumapili magari ni machache, epuka. Jaza mafuta na ununue maji Homa Bay au Ndhiwa. Kiingilio nacho lipia mjini kabla ya kuingia ndani, kwa sababu ya mtandao.

Mhasibu, Kakamega

Nimewasoma wote, sasa tuweke hesabu. Tarakimu hizi ni mfano tu, wekeni zenu. Tuseme gari la siti 14 ni 15,000 kwa siku na mafuta ni 9,000. Jumla 24,000, mkiwa wanne au kumi na wawili gharama hiyo haibadiliki. Wanne kila mmoja anatoa 6,000. Kumi na wawili kila mmoja 2,000. Kiingilio na chakula ndivyo vinavyopanda kwa kichwa.

Kwa hiyo andikeni safu mbili: gharama za gari zima na gharama za kila mtu. Bei ya kampuni muiweke kando ya jumla hiyo. Kwa Thimlich, kuanzia watu wanane kwenda juu, gari la kuchanga karibu kila mara hushinda. Watu wawili au watatu, kujiunga na kundi la kampuni lenye tarehe maalumu kunaweza kuwa nafuu, mradi waandike idadi ya chini ya watu inayohitajika ili safari isivunjwe.

Na mtu mmoja ashike pesa, mwingine ashike risiti.

Jirani wa Ohinga, Nyatike

Ero kamano, dereva, umeeleza njia vizuri. Mimi niseme la ndani ya kuta, kwa sababu napenda watu waondoke wakiwa wameona.

Thimlich Ohinga iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Inakadiriwa kujengwa karne ya 16. Kuna maboma manne makuu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kampuni nyingi huwaonyesha wageni Kochieng peke yake na kugeuza gari. Unapolinganisha safari, uliza: "Tutaingia maboma mangapi?" Swali hilo moja linatenganisha safari nzuri na ya picha tu.

Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati kuna tabaka la tatu linalozishika. Jiwe moja likichomolewa, lile la juu hukaa vibaya, mvua huingia, na baada ya muda kipande kizima hubomoka. Ndiyo maana mwelekezi atakukataza kupanda, kukalia au kuegemea kwa ajili ya picha. Msikilizeni tafadhali.

Milango ni mifupi kwa makusudi, adui aingie ameinama na kichwa chake kikiwa mbele. Nanyi mtainama, kwa hiyo begi kubwa la mgongoni liachwe garini, linakwaruza mawe ya juu ya mlango. Vaeni viatu vya kufunika kidole na suruali ndefu. Ile miti ya utomvu mweupe, bondo kwa Kijaluo, msiivunje tawi; utomvu ukiingia jichoni unachoma vibaya.

Ndege zisizo na rubani zina kibali chake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, na picha za biashara, kama za harusi au matangazo, zina ruhusa na malipo yake kutoka makumbusho. Kampuni ikikuambia "hiyo tutaongea nao getini", jua haina kibali.

Nahodha, Mbita

Msitusahau wa ziwani. Kutoka Kisumu kuna njia ya Luanda Kotieno halafu feri hadi Mbita. Ulizieni saa za feri siku moja kabla. Kisiwa cha Rusinga mnaingia kwa daraja. Ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, wa takriban miaka milioni 18. Jueni mapema kwamba fuvu halipo kisiwani. Kinachoonekana ni tabaka za udongo na mawe, na bila mwelekezi wa huku ni mteremko mkavu tu. Hapo hapo mnaweza kuzuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya.

Mfangano, kisiwa kingine, ina michoro ya miamba huko Kwitone, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe. Mpango wake ni wa jamii, unaanzia makumbusho ya Abasuba, na boti ni gharama ya peke yake. Boti bila maboya ya kutosha kila abiria, msipande. Mrudi kabla upepo wa alasiri haujachafua maji.

Mwalimu wa Historia, Lanet

Kuna walioniuliza faraghani kuhusu shule kuzuru Hyrax Hill. Wanafunzi wana bei yao, lakini barua yenye nembo na muhuri wa shule iwe imefika kabla, ikitaja tarehe, idadi ya wanafunzi kwa kidato au gredi na idadi ya walimu. Idadi ikiongezeka siku ya safari, lipieni nyongeza kwa ankara mpya, msijaribu kubadilisha ile ya zamani. Zaidi ya wanafunzi 40, wagawanyeni makundi mawili: moja jumbani, jingine kilimani, kisha mbadilishane. Mwelekezi mmoja akizungumza na watoto 80 mara moja, wa nyuma hawasikii kitu.

Mwanzisha mada, Kisumu

Shukrani nyingi, mwalimu, mama, dereva na wengine wote. Nauliza moja bado: mwenye kuijua barabara ya Macalder hadi Thimlich baada ya mvua za mwisho, atuwekee hapa hali yake na aina ya gari lililopita.