Ushauri: Nimpelekeje baba mwenye goti bovu kwenye ngome ya Malbork?

Mleta uzi
Ndugu wanajukwaa, ninasoma Gdańsk, kaskazini mwa Poland, na mwezi ujao baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia, atanitembelea akitokea Tanga. Anatamani sana kuiona Malbork, ile ngome ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na Wateutoni, shirika la watawa wapiganaji lililozaliwa katika vita vya msalaba, lakini goti linamsumbua na tuna siku moja tu. Tuanzie wapi, na tuache nini?

Mvuka Nogat
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Treni haifiki saa moja, kwa hiyo kitakachomchosha ni ngome yenyewe, ambayo imetanda kwenye hekta 21 hivi. Mimi nilitaka kuona kila chumba, na nilipofika Ngome ya Juu macho yalikuwa yanatafuta kiti tu. Kaeni zaidi Ngome ya Kati, katika kasri la Mkuu wa Shirika, ambako kuna ukumbi wa kiangazi ambao dari lake lote limebebwa na nguzo moja. Ukutani limenasa jiwe la mzinga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1410, jeshi la Mfalme Władysław Jagiełło wa Poland lilipoizingira ngome baada ya kuwashinda Wateutoni katika vita vya Grunwald, wapiga mizinga waliilenga nguzo hiyo ili dari liwaangukie wakuu waliokuwa ndani. Muulizieni pia tanuri za chini ya sakafu, zilizopasha mawe moto ili hewa ya joto ipande kumbini kupitia matundu.

Bibi Matofali
Ngome ya Juu msiiache, ndugu yangu. Mnara ndio wa kuacha. Sehemu kubwa ya ngome ilibomolewa mwaka 1945, na katika kanisa la Bikira Maria mwalimu wa historia atataka kujionea mwenyewe tofali la kale linapoishia na jipya linapoanzia. Mkumbushe kwamba kuzingirwa kule hakukufua dafu, ila mwaka 1457 mamluki ambao Shirika lilishindwa kuwalipa mishahara waliiuza ngome kwa mfalme wa Poland.

Mleta uzi
Ahsanteni sana. Hiyo ya mamluki ataipenda, kwani mishahara iliyochelewa anaijua vizuri. Tutaanza na Ngome ya Kati asubuhi, apumzike uani, kisha kanisani taratibu.

Mvuka Nogat
Jioni vukeni daraja la miguu, mkae ng'ambo ya mto. Kutoka huko ataiona ngome nzima bila kupanda ngazi hata moja.