Udongo wa kwenye ndoo na vyungu: tupeane uzoefu

Mama Mimea: Wakuu, jirani kaniletea waridi kwenye ndoo iliyojaa udongo mtupu wa shambani. Ukimwagilia, maji yanasimama juu, hayaingii wala hayatoki. Nimekumbuka mbali! Mnaopanda kwenye vyombo mnachanganya nini, mnalisha nini? Leteni visa.

Kipara wa Bustani: Udongo wa shamba kwenye ndoo unashikana, mizizi inakosa hewa. Mimi naweka mboji iliyoiva, mchanga wa chenga na pumba za mpunga. Basi.

Nyanya Kibarazani: Hapo kwenye "iliyoiva" piga mstari. Nilinunua mifuko ya udongo "tayari kwa kupanda", nikapandikiza miche ya nyanya. Hazikupita siku nyingi, kingo za majani zikawa kahawia kana kwamba zimepitishiwa pasi. Namwagilia, hali ndiyo inazidi. Nikachomeka kidole kwenye udongo: wa moto! Nikapindua ndoo moja, harufu ya mkojo wa ng'ombe ikanipiga puani, ndani mabonge ya samadi mbichi. Mizizi myeusi, ukiivuta ganda linabaki mkononi, unaona kauzi tu. Kumpigia muuzaji, ananijibu eti miche yangu dhaifu. Nilikaa chini nikalia jamani. Mbegu zile aliniachia marehemu mama.

Kimya Tu: Pole dada. Yalinikuta.

Fundi Vyungu: Poleni. Dawa ni kokoto chini ya chungu, maji yapite.

Kipara wa Bustani: Mkuu, hizo kokoto tunarithishana bure. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uloane chepechepe. Umeisogezea mizizi tope, basi. Toboa matundu.

Fundi Vyungu: Babu yangu aliweka kokoto na maua yake yalipendeza.

Kipara wa Bustani: Babu yako alijua kumwagilia.

Dada wa Hoho: Acheni kokoto zenu, mtu yuko msibani. Nyanya, mbegu zimebaki?

Nyanya Kibarazani: Chache, kwenye karatasi.

Dada wa Hoho: Afadhali! Ukipanda tena, mbolea ya dukani usiweke kwenye udongo mkavu, inaunguza. Maji kwanza. Weka nusu ya kipimo, lakini rudia, maana kila ukimwagilia chakula kinatoka na maji matunduni.

Mzee Chumvi: Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, huenda mbolea imezidi. Mwaga maji mengi yapite hadi chini. Makumbi ya nazi nayo yaosheni kwanza, mengine yana chumvi.

Kimya Tu: Mimi silishi kitu. Shubiri yangu imenona.

Kipara wa Bustani: Shubiri haihesabiwi, hata ukiitukana inakua.

Nyanya Kibarazani: Na mifuko iliyobaki nitupe?

Mzee Chumvi: Usitupe! Lundika, lowanisha kiasi, funika, geuza mara kwa mara. Ikipoa na kunukia udongo, panda.

Dada wa Hoho: Mimi ningemrudishia mwenyewe mlangoni kwake.

Fundi Vyungu: Ikipoa, usisahau kokoto.